Jinsi ya Kuchora Nembo ya Taifa ya Morisi

Karibuni. Andaa karatasi ya A4, penseli ya HB, rula na rangi za maji. Laza karatasi kwa upana.

Chora ngao katikati, upana sentimita 10, urefu 12. Igawe mara nne: mstari wa wima katikati, wa kulala sentimita 5.5 kutoka juu. Usiuweke kwenye 6, maana ngao inakuwa nyembamba chini na picha za chini zitasukumana.

Juu kushoto kwako, weka merikebu ya kale ya makasia: uwanja buluu, chombo dhahabu. Juu kulia, miti mitatu ya kijani ya jamii ya mnazi kwenye dhahabu. Chini kushoto, ufunguo mwekundu kwenye dhahabu, meno yakitazama chini. Chini kulia ni buluu yenye pembetatu nyeupe iliyochongoka kwenda juu, na nyota nyeupe juu yake. Ufunguo na nyota ndivyo vinavyotajwa kwenye kaulimbiu: Nyota na Ufunguo wa Bahari ya Hindi.

Sasa wanyama. Dodo anakaa kushoto kwako, kulungu kulia. Wengi huwageuza kwa sababu maelezo rasmi ya mwaka 1906 husema dodo yuko kulia, yaani kulia kwa aliyeishika ngao. Kila mmoja ameshika muwa, na mwili wake ni nusu mwekundu, nusu mweupe. Mpaka wa rangi hizo unakwenda mshazari, tena kwa meno kama ya ukuta wa ngome. Usiunyooshe! Kulungu huyo maelezo humwita sambar, ingawa kulungu wa kisiwani ni rusa, aliyeletwa na Waholanzi kutoka Java mwaka 1639.

Kwenye rangi, anza na njano, ndiyo dhahabu yetu, ikiwemo ya merikebu. Njano juu ya buluu haionekani. Subiri ikauke kabisa ndipo upake buluu kuzunguka. Zikikutana mbichi zinatoa kijani. Nyeupe usipake, acha karatasi yenyewe.

Mwisho, utepe wa ile kaulimbiu kwa Kilatini: STELLA CLAVISQUE MARIS INDICI. Anza na U ya CLAVISQUE katikati, kisha andika kwenda pande zote mbili. Upande wa kulia una I nyingi, herufi nyembamba, kwa hiyo ziachanishe kidogo. La sivyo maneno yataelemea kushoto.