Kesi Haipoi Yenyewe: Mhadhara Kuhusu Filamu ya «64»

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wapo humu ukumbini waliokwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na baadhi yao naona wameanza kutabasamu kabla sijafungua kinywa. Wanivumilie. Jalada la polisi halipoi kama chai iliyosahauliwa mezani. Jalada hupozwa, na wanaolipoza wana majina, wana vyeo, na wana saa ya kuingia kazini na ya kutoka. Sijaona filamu ya upelelezi inayolionyesha hilo kwa ukali kama hii ya Kijapani iitwayo 64, iliyoongozwa na Takahisa Zeze na kutolewa kwa sehemu mbili mwaka 2016, kutokana na riwaya ya Hideo Yokoyama, ambaye kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya alikuwa mwandishi wa habari katika gazeti la mkoa wa Gunma.

Namba hiyo ni ya mwaka. Mfalme Hirohito alifariki tarehe 7 Januari 1989, na kwa kuwa Wajapani huhesabu miaka kwa zama za wafalme wao, mwaka wa 64 wa Showa, yaani wa zama zake, ulidumu siku 7 tu, kisha zama za Heisei zikaanza kesho yake. Ndani ya siku hizo 7, katika hadithi yetu, mtoto wa kike wa miaka 7 anatekwa, baba yake anatoa yeni milioni 20 za kumkomboa, na mtoto anapatikana akiwa amekufa. Taifa zima lilikuwa likimlilia mfalme. Askari wakaliita jalada hilo Rokuyon, yaani sita-nne, na mwaka wenyewe ukafutika kwenye kalenda pamoja na msiba wa mzee Amamiya, baba wa mtoto.

Filamu inaanza tena miaka 14 baadaye, na hapo msikilizaji wa Dar es Salaam hushangaa kwa nini kila mtu ana haraka. Kwetu mauaji hayana ukomo, yaani muda ambao ukipita muuaji hawezi tena kushtakiwa. Sheria yetu ya Ukomo haihusu mashauri ya jinai. Japani ya wakati ule ilikuwa na ukomo wa miaka 15 kwa mauaji, na baada ya hapo muuaji angeweza kupita mbele ya kituo cha polisi akipunga mkono. Msidhani natia chumvi. Mwaka 2004, Tokyo, mwanamume mmoja alijisalimisha na kueleza kwamba mwaka 1978 alimuua mwalimu wa shule aliyofanyia kazi ya ulinzi na kumzika chini ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe muuaji. Alisema kwa sababu nyumba ilikuwa ibomolewe. Hakushtakiwa kwa mauaji, maana muda ulikuwa umekwisha. Ukomo uliongezwa kuwa miaka 25 kuanzia mwaka 2005, na tarehe 27 Aprili 2010 ukaondolewa kabisa kwa mauaji ya aina hiyo.

Basi huwa anasimama bwana mmoja kuniambia kwamba filamu imepitwa na wakati, kwa kuwa sheria imebadilika. Ndugu yangu, sheria imeiondoa saa ukutani. Haijamwondoa askari aliyekaa chini ya saa hiyo. Siku ya utekaji, polisi walipiga kambi nyumbani kwa Amamiya na kinasa sauti chao, mtekaji akapiga simu, na kinasa sauti hakikufanya kazi. Sauti ya muuaji ilikuwa mikononi mwao na ikapotea. Ajali ya mtambo inasameheka. Kisichosameheka ni kwamba wakubwa waliamua isiandikwe popote, na kwa miaka 14 kila mkuu mpya wa upelelezi alikabidhiwa siri hiyo pamoja na ofisi. Kijana fundi aliyekuwa kwenye mtambo alijifungia chumbani kwa mama yake asitoke tena. Mwenzake aliyeandika ripoti ya kweli aliacha kazi. Hivyo ndivyo kesi inavyopozwa.

Sasa naomba niwaeleze kuhusu simu, na anayeogopa kuambiwa mwisho wa hadithi azibe masikio, ingawa filamu inayoharibika kwa kujulikana mwisho wake haikustahili tiketi. Mtu pekee aliyebaki na sauti ile kichwani ni baba wa mtoto, mwenye kiwanda kidogo cha achari. Alipotambua kwamba polisi hawana kitu, alichukua daftari la namba za simu la mkoa, akaanza jina la kwanza, akapiga, akasikiliza sauti ya aliyepokea, akakata. Kisha jina la pili, na la tatu, mwaka hadi mwaka, hadi ncha ya kidole chake cha kubonyezea ikaharibika. Daftari la Kijapani hupangwa kwa silabi: a, ka, sa, ta, na, ha, kisha ma. Mtekaji anaitwa Mesaki. Hebu fikirini ni majina mangapi yanamtangulia. Na kabla ya me huja mi, na Mikami, msemaji wa polisi anayechezwa na Koichi Sato, anaishi katika mkoa huohuo na ana simu nyumbani. Binti yake ametoroka. Simu inalia, hakuna anayesema, na mkewe anaapa kwamba ni mtoto anayetaka kusikia sauti ya mama. Matumaini yote ya nyumba ile yameegemea simu ya mzee anayepita tu kwenye orodha, akielekea kwa mtu mwingine. Mikami anapokiona kile kidole ndipo anapoelewa, na sisi pamoja naye. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza ni askari gani, kati ya wote waliolipwa mshahara kwa miaka 14, aliyefanya kazi nusu ya ile.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kusema kuhusu waandishi wa habari wanaogoma kwa sababu polisi wamelificha jina la mama mjamzito aliyemgonga mzee kwa gari, na kuhusu wakubwa wa Tokyo wanaotaka kunyakua kiti cha mkuu wa upelelezi wa mkoa, mtayaona wenyewe. Kuhusu sehemu ya pili nitasema tu kwamba inapiga kelele kupita kiasi, na ya kwanza ni bora. Sato alipata tuzo ya Akademia ya Japani ya mwigizaji bora kwa hiyo ya kwanza, na kwa mara moja nakubaliana na majaji. Zimeni taa, tafadhali, na simu zenu pia.