Fukusi, mafunjo na gugumaji: mazungumzo ya Kisumu na Mwanza

BARAKA: Karibu tena msikilizaji. Mimi Baraka, niko Mwanza, na dada Atieno yuko Kisumu. Dada, hali ya ziwa?

ATIENO: Inategemea upepo, kaka. Ukielekea kwetu Dunga, mtumbwi unasukumwa kwa upondo. Ukiwasha injini, propela inajisokota mizizi ya gugumaji.

BARAKA: Mwaloni kwetu ni yale yale. Mwanzoni mwa 2025 kivuko cha Kigongo–Busisi kilisumbuliwa sana, ingawa lile lilikuwa gugu jingine, salvinia. Leo tubaki na gugumaji. Lilitoka wapi?

ATIENO: Amazon. Watu walipenda maua yake ya zambarau, wakalibeba kupamba mabwawa. Ziwani lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera ukaendelea kulishusha. Kufikia 1998, ghuba ya Winam, hii ya kwetu Kisumu, peke yake ilikuwa na takriban hekta 17,000.

BARAKA: Kisha likapungua ghafla. Hapo ndipo watu hubishana: ni fukusi, wale wadudu walioletwa kulila gugu, au zile mvua za El Nino?

ATIENO: Vyote viwili, ukiniuliza mimi. Fukusi asili yao Amerika Kusini, huko huko gugu lilikotoka. Uganda waliwaachilia 1995, Kenya na Tanzania 1997. Mdudu aliyekomaa anakwangua jani usiku, anaacha vidoa vya kahawia. Hiyo si kitu. Kazi anayo funza wake: anatoboa kile kikonyo kilichovimba kinacholielesha gugu, anashuka hadi kwenye moyo wa mmea. Maji yanaingia, linaoza, linazama. El Nino ilikuta gugu tayari limechoka, mawimbi yakamalizia.

BARAKA: Na hawatageukia sukumawiki zetu?

ATIENO: La, walijaribiwa kwanza. Bila gugumaji hawazaliani. Shida yao ni kwamba hawana haraka, na mheshimiwa hawezi kupiga picha na fukusi. Ila na mashine ya kuondoa gugu anaweza.

BARAKA: (anacheka) Tena mashine ya rangi ya njano.

ATIENO: Ile ya kukatakata, mabaki yanazama, yanaoza, yanarudisha mbolea majini. Na mbegu ziko kwenye tope, zinaweza kukaa hata miaka 20. Ndiyo maana 2006 na 2007 lilirudi kwa kishindo.

BARAKA: Kwa hiyo linalishwa.

ATIENO: Na sisi! Maji taka ya mji, mbolea ya mashamba inayoshuka na mito ya Nyando na Nzoia. Sasa, kinachochuja hayo yote kabla hayajafika ziwani ni kinamasi cha mafunjo, yale majani marefu ya kusukia mikeka, na ndicho tunachokifyeka tulime mboga. Kuna jambo linaniudhi, Baraka: siku ya kusafisha ziwa, kijana anapewa panga akate mafunjo pamoja na gugumaji. Mafunjo ni mwenyeji hapa! Kuna ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu, utosi wa manjano. Kinamasi hicho kikiisha, hana pa kuhamia.

BARAKA: Lakini mama wa mikeka naye anayakata.

ATIENO: Anakata kwa zamu, vishina vinabaki, yanachipua. Ugomvi wangu ni na jembe, na moto wa kiangazi.

BARAKA: Na wanaofuma vikapu vya gugumaji, wanaotengeneza biogesi?

ATIENO: Nawapenda, hata kikapu ninacho. Ila mmea unaoweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili, vikapu vitaumaliza lini? Na ukishafungua biashara juu yake, kweli utaomba uishe?

BARAKA: Ningekabidhiwa fedha za mradi, nusu ningepeleka kwenye mabwawa ya kusafisha maji taka.

ATIENO: Peleka robo tatu. Zinazobaki uwalipe watu wa bichi wafuge fukusi kwenye matangi na kupanda mafunjo upya.

BARAKA: Mashine je?

ATIENO: Moja tu, ya kufungua njia ya gati.