Gari limetoka majini: usipige selfu kwanza

Rehema: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, na fundi Kassim yupo hapa kama kawaida. Fundi, leo nina swali la kwangu mwenyewe. Juzi mvua imenikuta barabarani, nikapita kwenye maji. Nilidhani ni kidimbwi tu, kumbe yalifika nusu ya tairi. Gari halikuzima, nimefika nyumbani nalo, na mpaka leo linawaka vizuri. Nimepona?

Kassim: Pole sana, dada. Kwanza nishukuru kwamba wewe umepona, maana maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuinua gari dogo, na yakifika 60 yenye mkondo, hata gari kubwa linabebwa. Sasa kuhusu gari: kuwaka vizuri hakutoshi kuniambia kwamba ni zima. Maji yana tabia ya kuingia kimya na kukaa. Lakini niruhusu nianze na yule ambaye gari lake lilizima ndani ya maji, kwa sababu huyo ana dakika chache za kuokoa injini.

Rehema: Anza naye.

Kassim: Gari likizima majini, usilijaribu tena. Usipige selfu, ile mota ya kuwashia injini, hata mara moja. Toa ufunguo, toka kama ni salama kutoka, tafuta watu msukume au livutwe. Injini nyingi ninazozifungua baada ya mafuriko hazikuharibiwa na maji yenyewe. Ziliharibiwa na yule aliyesema "ngoja nijaribu kidogo".

Rehema: Kwa nini? Maji si yatatoka kwa eksozi?

Kassim: Hayatoki, dada. Fikiria silinda. Pistoni inapanda kubana hewa, na hewa inabanika. Maji hayabaniki hata kidogo. Chukua injini ya dizeli ya lita 2 yenye silinda 4: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki pale ni kama mililita 30. Hivyo ni vijiko viwili vya mezani! Maji yakizidi hapo, pistoni inagonga kitu kisichosogea huku selfu na uzito wa injini vinaisukuma kutoka chini. Kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni kutoka chini.

Rehema: Na petroli?

Kassim: Nafasi ni kubwa kidogo, lakini mwisho ni ule ule. Kuna gari liliwahi kuletwa kwangu likivutwa, mwenyewe alishajaribu kuwasha mara mbili tatu. Nilizitoa konrodi zote nne nikazilaza mezani. Tatu zimenyooka. Ya nne ukiitazama juu juu hutagundua, lakini nilipoilaza kwenye kioo, mwanga ukapita chini yake katikati. Imepinda kidogo tu. Na nikwambie, hiyo ya kupinda kidogo ndiyo ninayoiogopa kuliko iliyokatika. Injini itawaka, itatetema kidogo, mtu ataendesha wiki kadhaa, halafu siku moja yuko kwenye mwendo, konrodi inakatika na kutoboa bloku.

Rehema: Kwa hiyo fundi anayejua anafanyaje gari likiletwa limezima?

Kassim: Anatoa plagi zote, au kwa dizeli zile plagi za kupasha moto. Anazungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, taratibu. Maji yatachuruzika au yataruka kwenye matundu ya plagi. Yakiisha ndipo anapiga selfu, plagi zikiwa bado nje na mafuta yamekatwa. Kisha anapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, hapo kuna konrodi imefupika. Ukimwona fundi anapokea gari lililozima majini na kitu cha kwanza ni kukaa kwenye usukani na kuwasha, mzuie.

Rehema: Sawa. Turudi kwangu mimi ambaye halikuzima.

Kassim: Wewe fungua boneti, nenda moja kwa moja kwenye kichujio cha hewa, kile mafundi tunachokiita ea klina. Fungua klipu zake, inua karatasi ya ndani. Ishike. Ikiwa kavu, na chini ya boksi lake hakuna tope wala tone, injini yako haikunywa maji. Ikiwa imelowa au imejikunja mawimbi mawimbi, simama hapo hapo, usiwashe tena, ita fundi.

Rehema: Na oili?

Kassim: Oili ndiyo inayofuata, na hapa watu wanakosea. Wanachomoa kijiti, wanaona oili ni nyeusi safi, wanafunga. Maji ni mazito kuliko oili. Gari likilala usiku mzima, maji yanashuka chini kabisa ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kijiti kinaweza kukuonyesha oili nzuri iliyo juu. Kwa hiyo tazama kiwango pia: kama kimepanda kupita alama ya juu na hukuongeza kitu, jiulize kimepandaje. Ukitaka uhakika, asubuhi kabla ya kuwasha, legeza nati ya kumwagia oili polepole sana, kidole kikiwa pale. Kama kuna maji, yatatangulia yenyewe kabla ya oili.

Rehema: Ile rangi ya maziwa huwa nini?

Kassim: Hiyo ni oili na maji vilivyokwisha kukorogwa na injini inayozunguka. Ukiiona kwenye kijiti, hakuna mjadala: mwaga, badilisha na filta, washa dakika chache, mwaga tena.

Rehema: Mimi huwa nasahau kabisa gia boksi.

Kassim: Wengi wanasahau, na difu pia, ile boksi ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu. Umetembea, difu lina joto. Ukaingia ghafla kwenye maji ya baridi. Hewa iliyomo ndani inasinyaa, na inaposinyaa inavuta kutoka nje kupitia kile kipumulio chake au kwenye sili zilizochakaa. Nje kuna nini? Maji. Gia boksi ya otomatiki ndiyo haina uvumilivu kabisa, kwa sababu maji yanaachanisha ule utando uliogundishwa kwenye klachi zake za ndani. Oili yake ikibadilika kutoka wekundu kuwa kama waridi lenye ukungu, usiliendeshe hata kwenda gereji. Livutwe.

Rehema: Breki zangu siku ile zilikuwa kama hazipo, fundi. Niliogopa sana.

Kassim: Ni kawaida, pedi zimelowa. Ukitoka tu majini, nenda mwendo wa chini na ukanyage breki kidogo kidogo mpaka uhisi zinashika, hapo zimekauka. Ila breki za dramu zinabaki na mchanga ndani, zifunguliwe zisafishwe. Na gari lililolowa usiliache siku nyingi limevutwa hendibreki, linaweza kushikwa na kutu likagoma kusogea. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi. Beringi za magurudumu utazisikia baadaye, wiki au miezi: mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Chungulia pia fani na rejeta, na ile plastiki ya chini ya injini kama haining'inii. Namba ya mbele nayo huchomolewa na maji, iangalie.

Rehema: Ndani hakukuingia maji. Kapeti ni kavu.

Kassim: Kavu juu. Umeibonyeza?

Rehema: Nimeigusa tu.

Kassim: Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Chini ya kapeti kuna sponji nene, na sponji hiyo inashika maji wiki nzima huku juu pamekauka. Chukua kitambaa cheupe, kiweke pale miguu ya dereva inapokaa, kisha kandamiza kwa kiganja na uzito wako wote. Kikilowa, kapeti lazima itoke, viti vitoke, sponji ikaushwe nje. Usitegemee jua linalopita kwenye kioo. Chini ya viti vya mbele kuna soketi za njano, hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya usalama, na mikanda, usiziguse kabla betri haijafunguliwa na kukaa dakika kadhaa. Na magari mengi yana kompyuta huko huko sakafuni. Ukichomoa soketi ukakuta unga wa kijani kwenye pini, maji yameshaanza kula. Ndipo utasikia dirisha linashuka lenyewe, taa za dashibodi zinawaka bila mpangilio, na watu wanabadilisha vifaa vizima wakati tatizo ni pini moja.

Rehema: Maji ya bahari?

Kassim: Hayo ni mabaya mara nyingi zaidi. Osha chini kote kwa maji yasiyo na chumvi, siku hiyo hiyo. Na kama gari ni la umeme au haiburidi, lile la mafuta na umeme pamoja, na limezama, usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Liegeshe mahali pa wazi, mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, kwa sababu betri ya aina hiyo inaweza kushika moto hata siku au wiki baada ya kutoka majini.

Rehema: Na mwenye bima?

Kassim: Apige picha kabla ya kuosha chochote. Ule mstari wa tope mlangoni ndio ushahidi wake.

Rehema: Mimi kitambaa cheupe ninacho. Nikitoka hapa naanza na kapeti.

Kassim: Anza na ea klina, dada. Kapeti itakusubiri, injini haitakusubiri. Na usiliwashe kulisogeza, lifungulie hapo hapo lilipo.