Mzee Stevens Alivyoyameza Maneno Yake

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuvumilia, maana filamu hii inachukua saa mbili na nusu na kazi yake kubwa ni watu kubishana. Mjukuu wangu pale nyuma alisinzia kabla bunge halijakaa.

*Lincoln*, ya mwaka 2012, haianzi na utoto wa mtu. Sehemu yake kubwa ni mwezi mmoja, Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini, vikikaribia kwisha. Abraham Lincoln, rais wa Marekani, anataka utumwa ufutwe ndani ya katiba, na bungeni zinahitajika theluthi mbili za kura. Hana. Basi watu wake wanapita kwa wabunge waliokwisha kushindwa uchaguzi, wakiwaahidi vyeo. Wajumbe wa Kusini wanakuja kuzungumzia amani. Lincoln analiandikia bunge kwamba hawapo mjini wala hawatarajiwi kufika. Ni kweli, kwa sababu mwenyewe hakutaka wafike mjini. Tarehe 31 kura zikawa 119 kwa 56.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwa mbunge Thaddeus Stevens. Mzee huyu maisha yake yote amedai weusi na weupe wako sawa, bila masharti. Wapinzani wanamchokoza aliseme hilo bungeni, wabunge waoga watishike wasiunge mkono. Anasimama. Kimya. Kisha anasema yeye anadai usawa mbele ya sheria tu. Mmemwona Tommy Lee Jones, mwigizaji wake, pale? Uso wa mtu anayemeza shubiri na kuambiwa atabasamu.

Sasa wenyeji wangu, sisi nasi tuna Januari yetu. Januari 1958, hapa hapa Tabora, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikutana kuamua kama iingie uchaguzi wa kura tatu. Mkoloni alisema kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi imeharibika. Na si kila mtu alikuwa mpigakura: uwe na kisomo, kipato au kazi ya kutambulika. Wajumbe wengi walikuja wamekunja ngumi. Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu, akawaomba waingie uchaguzini hivyo hivyo. Wakakubali, na TANU ikashinda pamoja na Wazungu na Waasia iliowaunga mkono.

Hapo ndipo ninapogombana na filamu. Mle weusi wamekaa roshani wakitazama wengine wakiwaamulia. Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwa akaupiga vita, haonekani hata mara moja. Tabora, waliotakiwa kuumeza uchungu ndio haohao waliokuwa wanadai uhuru. Mkono ulionyooshwa ulikuwa wa mwenye kidonda.

Zuberi Mtemvu, mwanachama wa TANU, hakumeza. Alitoka, akaunda chama chake, na 1962 aligombea urais dhidi ya Nyerere: kura 21,276 kwa 1,127,978. Mimi nikipewa kamera leo, ningeanza na huyo, akiwa bado ndani ya ukumbi, kabla hajainuka kwenye kiti.