Taa ya Boga na Mbegu za Kutafuna: Jumamosi ya Vuli Bila Skrini

Karibuni sana! Leo tunachonga boga liwe taa, na mbegu zake tunazioka za kutafuna. Ni kazi ya saa mbili hadi tatu. Mikono ikishazama humo ndani hakuna mtoto wala mzazi atakayetaka kugusa simu, kwa hiyo tazameni video hii leo, mkimaliza zimeni, mchonge kesho.

Afrika Mashariki tukisema vuli tunangoja mvua. Kwa mlioko Marekani, Kanada na Ulaya, vuli ni majani kupukutika na maboga ya rangi ya chungwa kujaa mbele ya maduka, maana watu huyachonga sura za kutisha kwa ajili ya Halloween, jioni ya tarehe 31 Oktoba. Zamani Ayalandi na Uskoti walichonga turnipu, mzizi mgumu kweli. Wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga, ambalo asili yake ni huko na ndani lina uwazi tayari. Kama nyumbani kwenu hamtaki sura za kutisha, chongeni nyota, mwezi au samaki. Mimi ni mtu wa nyota.

Chagueni boga lenye kitako bapa, ngozi ngumu isiyobonyea popote, na kikonyo kibichi. Msilibebe kwa kikonyo, kinavunjika. Na hili kubwa la kuchonga si la kupika, lina majimaji na halina utamu. La kupika kwa nazi nunueni lile dogo, la kilo mbili hivi.

Osheni, futeni, tandikeni magazeti mezani. Haya, kifuniko. Hapa sogeeni karibu.

Kisu cha mtu mzima, chenye meno. Msikizamishe wima! Kilazeni, ncha ielekee katikati ya boga, ili kifuniko kitoke na umbo la faneli. Ukikata wima, kifuniko kinatumbukia ndani na hakuna dawa. Tazameni tena: mpini nje, ncha ndani, unazunguka polepole. Nyuma kateni pengo dogo la pembetatu, ndiyo alama ya kujua kifuniko kinakaa vipi. Mshazari, jamani, mshazari.

Sasa watoto. Chini ya miaka mitano wapeni kazi ya kutoa mbegu kwa mikono na kuzihesabu. Wakubwa wachukue kijiko cha chuma wakwangue nyuzinyuzi zote, kisha wakwangue ukuta wa mbele, upande wa kuchonga, mpaka ubaki unene wa sentimita mbili na nusu. Pimeni kwa kuchoma pini. Ukiwa mnene msumeno unakwama na mwanga haupiti vizuri. Ukiwa mwembamba mno, boga litanywea kesho yake.

Chora kwenye karatasi, ibandike kwa selotepu, toboa kwa pini kufuata mstari, kila baada ya milimita nne hivi. Mtoto wa miaka sita anaiweza kazi hii. Bandueni karatasi, kisha pakeni unga wa ngano juu ya vitobo. Mnaona? Mstari umejitokeza mweupe. Mkichagua herufi, kumbukeni O na A zina kisiwa katikati. Msipoacha daraja la kukishika, kitadondoka.

Kuchonga: msumeno mdogo wa maboga, juu na chini, bila kusokota. Anzeni na matundu madogo ya katikati, makubwa yaje mwisho, maana ukuta ukishatobolewa sana hauna nguvu. Mkono mwingine usiwe ndani ya boga nyuma ya msumeno. Ngoja... hapa umekwama. Msivute kwa nguvu, unakatika. Rudisheni taratibu kwa njia ileile, wekeni boga sawa, endeleeni. Na hapa pembe ya nyota imevunjika! Sawa, chomekeni kijiti cha meno nusu huku, nusu kule, inashika. Haionekani usiku.

Mbegu sasa. Ziwekeni kwenye bakuli la maji, zisugueni. Mbegu zinaelea na nyama inaachia. Zichemsheni dakika 10 kwenye maji ya chumvi, chujeni, zikausheni kwa kitambaa. Si kwa karatasi ya jikoni, inagandamana nazo. Zikauke kabisa, tafadhali. Mbegu yenye maji kwenye oveni inapikwa kwa mvuke, inatoka kama mpira. Nasema tena: kabisa. Kikombe kimoja cha mbegu, kijiko kimoja cha chai cha mafuta, zitandazwe safu moja kwenye trei. Nyuzi 175 za selsiasi, kwa oveni za Marekani ni 350, dakika 15 hadi 20, mkigeuza katikati. Bizari ya pilau inakwenda nazo vizuri kuliko kitu chochote, lakini nyunyizeni zikitoka, motoni inaungua ikawa chungu.

Taa: kama kuna watoto wadogo, tumieni taa ya betri, si mshumaa. Pakeni vaselini kwenye kingo zilizokatwa zisikauke upesi. Boga likae nje kwenye ubaridi. Sebuleni penye hita linaoza kwa siku chache. Ndiyo maana msichonge mapema, siku mbili au tatu kabla zinatosha. Likianza kunyauka, lizamisheni kwenye maji baridi usiku mmoja, hurudi kidogo. Kindi watalitafuna pia, wapeni watoto shuka la kupunga wawafukuze. Wekeni ubao au gazeti nene chini yake, na likianza kulainika kitako lipelekeni kwenye lundo la mboji kabla halijachuruzika barazani.