Sindano Yenye Homa na Sindano Isiyo na Homa

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wanaonifahamu wanajua kwamba nitaanzia Japani, na leo pia sitawaangusha. Mwaka 1974 nchi ile iliandikisha wagonjwa 393 tu wa kifaduro, ule ugonjwa wa kikohozi kikali, wala hakufa hata mmoja, kwa sababu takriban watoto wanane katika kila kumi walikuwa wakipata chanjo ya zamani, ile inayotengenezwa kwa bakteria wazima waliouawa. Majira ya baridi yaliyofuata, watoto wachanga wawili walifariki baada ya kuchanjwa. Serikali ilisitisha chanjo, kisha ikairejesha kwa waliotimiza miaka miwili, yaani ikawaacha bila kinga walewale ambao kifaduro huwaua. Maana mtoto wa miezi miwili huenda hata asikohoe, bali huacha kupumua, midomo ikabadilika rangi, na mama akadhani amelala. Kufikia 1976 waliochanjwa walikuwa kama mmoja katika kumi. Mwaka 1979 waliugua zaidi ya 13,000, na 41 wakafa.

Mtaniambia kwamba Wajapani haohao ndio walioanza kutumia chanjo mpya mwaka 1981, yenye protini chache zilizosafishwa, na kwamba ndiyo hii ambayo wazazi wenye uwezo huitafuta katika hospitali binafsi, Nairobi na Dar es Salaam. Sikatai. Ina nafuu ya homa, ya paja kuvimba na ya kilio kisichonyamazishika, na katika miaka ya mwanzo huzuia ugonjwa vizuri. Degedege la homa, ambalo kila mara huulizwa na mtu wa safu ya nyuma, hutokea kwa nadra baada ya ile ya zamani, na halimwachii mtoto ulemavu wa ubongo.

Kinachonikera ni mzazi kulinganisha usiku mmoja wa homa na kusahau miaka inayofuata, kinga ya chanjo mpya inapofifia. California, ambako chanjo mpya ilikuwa imekwisha kushika nafasi yote, ilipata wagonjwa zaidi ya 9,000 mwaka 2010. Watoto wachanga kumi wakafa, na miongoni mwa waliougua walikuwamo wengi wa miaka saba hadi kumi waliokamilisha dozi zao zote. Watafiti wa Marekani waliwachanja nyani kwa chanjo hiyo: hawakuugua, lakini walibeba bakteria kooni na kuwaambukiza wenzao. Ndiyo sababu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zinazotumia chanjo ya zamani katika dozi za mwanzo zisiiache, na hiyo ya zamani ndiyo iliyomo ndani ya Penta, ile sindano moja ya kukinga magonjwa matano, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Naona Mwenyekiti anatazama saa. Dozi ya nyongeza ya mwaka wa pili naiacha. Kwa mama mjamzito mambo hugeuka: Uingereza imekuwa ikiwachanja wajawazito tangu 2012 ili mtoto azaliwe na kinga, na huko hutumika chanjo mpya, kwa kuwa ile ya zamani haitolewi kwa watu wazima.