Wenye Duka Walipowaita Wateja Kizimbani

Makocha, wanariadha, wanafunzi, na nyinyi waandishi wa habari mliokaa karibu na mlango kama kawaida yenu, hamjambo. Asanteni kwa kunisubiri. Mlima wa Timboroa mnaujua wenyewe, na leo malori yalikuwa yameamua kutembea kwa miguu.

Niliombwa nizungumzie pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu zilizokatazwa michezoni, na sheria. Naomba nianzie mbali na Eldoret, maana hasira yangu juu ya jambo hili ilianzia mbali.

Machi 2005 nilikuwa Maryland, nchini Marekani, nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wengi wenu mna ndugu wanaoifanya kazi hiyo hadi leo. Alhamisi tarehe 17 nilikuwa zamu ya mchana. Mzee niliyekuwa nikimhudumia, mwanajeshi mstaafu mwenye kisukari, akataka televisheni iwekwe kwenye chaneli ya Bunge. Chaneli hiyo hakuwahi kuiulizia hata siku moja. Lakini siku hiyo Bunge la Wawakilishi lilikuwa limewaita wachezaji wa besiboli, na wakaja, wengine kwa samansi.

Kwa msioujua mchezo: mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani, na homurani ndiyo inayojaza viti. Rekodi ya msimu ilikuwa 61, imekaa tangu 1961. Mwaka 1998 Mark McGwire akapiga 70 na Sammy Sosa 66. Mwaka 2001 Barry Bonds akapiga 73 akiwa na miaka 37, umri ambao wengi hapa mtakuwa mmeshaanza kufuga ng'ombe. Watu walishangilia, matajiri wa timu walihesabu fedha, na shingo za wachezaji zilizidi kunenepa mbele ya macho ya wote.

Basi siku hiyo McGwire ameketi, Sosa ameketi, pamoja na Jose Canseco aliyekuwa amewachongea wenzake kwenye kitabu chake, na Rafael Palmeiro. Palmeiro akanyosha kidole kuelekea kwa wabunge na kuapa kwamba hajawahi kutumia steroidi, dawa za homoni za kukuza misuli. Miezi michache baadaye, Agosti, akasimamishwa: vipimo vilikuwa vimeonyesha stanozolol, moja ya steroidi hizo. McGwire kila akiulizwa alirudia kwamba hakuja kuzungumzia yaliyopita. Alikuja kukiri Januari 2010, na si mbele ya wabunge.

Mzee wangu alikuwa na karatasi ya kupangusia mdomo na kalamu. Kila mbunge aliyeanza kwa kusimulia alivyoupenda mchezo huo utotoni, mzee alichora mstari. Nilipomletea chakula cha mchana mistari ilikuwa imejaa upande mmoja, akaigeuza karatasi. Zamu yangu iliisha, nikapanda basi, nikafika nyumbani, nikapika, na kikao bado kinaendelea. Kilichukua muda wa saa kama 11.

Ile ilikuwa Kamati ya Marekebisho ya Serikali. Mwenyekiti wake alikuwa Tom Davis wa Virginia, na kiongozi wa upinzani humo ndani Henry Waxman wa California. Kazi ya kamati hiyo, kama jina linavyosema, ni kuichunguza serikali: fedha zimekwenda wapi, zabuni kapewa nani. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule mkaguzi alikuwa ametoa ripoti kwamba karibu dola bilioni 9 za Iraq, zilizopita mikononi mwa utawala uliowekwa na Marekani, hazikuwa na hesabu ya kueleweka. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 1,500 walikuwa wameshafia Iraq. Paul Bremer, aliyeongoza utawala huo, aliketi mbele ya kamati hiyo kueleza habari za fedha hizo tarehe 6 Februari 2007, karibu miaka miwili baada ya wacheza besiboli. Siku hiyo ndipo ilipozungumzwa kwamba noti zilizosafirishwa kwa ndege hadi Baghdad zilikuwa na uzito wa tani 363. Tani! Fedha unapima kama mahindi ya bodi, halafu wa kuitwa kwanza ni mpiga gongo.

Lakini sitaki kusema kama mtu wa kijiweni, eti kuna vita, michezo ya nini? Hoja hiyo ni ya uvivu. Bunge lina kamati nyingi na linaweza kufanya mawili. Na hapa kwetu mtu hawezi kusema michezo ni upuuzi. Kuna nyumba ngapi za mawe kutoka hapa hadi Iten zilizojengwa kwa miguu? Kinachonikera ni kingine. Hata kwenye pufya yenyewe, wabunge wale waliukwepa upande uliowahusu wao.

Hebu tazameni kopo hili. Nimelinunua asubuhi hapa mjini. Jina la duka silitaji, na mwenye duka hana kosa. Ni unga wa kuongeza misuli kutoka Marekani. Limenifilisi, mtanichangia nauli. Nitalipitisha kwenu, lakini kwanza niwaeleze lilivyofika kwenye rafu.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya virutubisho. Aliyeisukuma zaidi ni Seneta Orrin Hatch wa Utah, jimbo lenye viwanda vingi vya bidhaa hizo, akisaidiwa na Tom Harkin wa Iowa wa chama cha pili. Hapo vyama vyote viwili vilikuwa ndugu. Sheria ilisema hivi: anayeuza dawa lazima athibitishe kwanza kwamba ni salama na inafanya kazi. Anayeuza kirutubisho, hapana. Anauza tu, na serikali ikiona kina madhara, mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Yaani mlango unafunguliwa kwanza, mlinzi anaajiriwa baadaye.

Sasa turudi 1998. Katikati ya zile homurani, mwandishi mmoja wa habari (nyinyi wa mlangoni mnasikia?) aliona kwenye kabati la McGwire chupa iliyoandikwa androstenedione. Watu waliiita andro. Ukiimeza, mwili unaigeuza kuwa homoni ya kiume. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imeipiga marufuku. Besiboli haikuwa imeipiga marufuku, na madukani iliuzwa kama kirutubisho, bila cheti cha daktari, chini ya sheria ile ya 1994. Habari zilipotoka, aliyesakamwa kwanza ni mwandishi, kwa kuchungulia kabati la mtu. Andro ikauzwa zaidi. Vijana wa sekondari wakainunua.

Ilichukua hadi 2004 kwa mamlaka ya chakula na dawa kuwaonya watengenezaji, na Bunge kuiingiza andro kwenye orodha ya steroidi. Na hata hapo, DHEA, binamu yake wa karibu, ikaachwa nje kwa kutajwa jina ndani ya sheria. Hadi leo inauzwa huko kama vitamini.

Kwa hiyo siku ile ya Machi 2005, wazazi waliofiwa na wana wao walitoa ushahidi mbele ya kamati ile ile. Vijana wawili waliojiua, wazazi wakasema ni steroidi. Nilishindwa kumtazama mzee wangu usoni. Wabunge walitikisa vichwa kwa huzuni, na huzuni hiyo sina sababu ya kuitilia shaka. Lakini kiti cha kuulizwa maswali kilikaliwa na wachezaji na wakubwa wa besiboli. Hakuna aliyewekewa kiti hicho ili aulizwe kwa nini sheria ya 1994 ilipigiwa kura.

Tuwape haki yao. Wakati ule adhabu ya kosa la kwanza kwenye besiboli ilikuwa siku 10 za kusimamishwa. Siku kumi! Mtu anaumwa malaria zaidi ya hapo. Baada ya Bunge kupiga kelele, mwaka huo huo adhabu ikawa mechi 50, kosa la pili 100, la tatu maisha. Bila kelele zile, matajiri wa timu na chama cha wachezaji wasingesogea. Hilo nawapa. Ila wangelipata kwa kikao cha siku moja na barua kali, wakarudi kwenye hesabu za Iraq.

Badala yake wakanogewa. Februari 2008 wakamleta Roger Clemens, mrushaji bingwa, pamoja na aliyekuwa mkufunzi wake, kila mmoja akimwita mwenzake mwongo. Kabla ya kikao Clemens alizunguka ofisi za wabunge akiwasalimia mmoja mmoja kama mgombea. Kikaoni wakagawanyika kivyama: wa huku wanamtetea mrushaji, wa huku wanamtetea mkufunzi. Sindano nayo ina chama! Mwezi uliofuata benki ya Bear Stearns ikaanguka, na mnakumbuka uchumi wa dunia ulivyofuata. Clemens akashtakiwa mwaka 2010 kwa kulidanganya Bunge. Kesi ya kwanza ikavunjika 2011 kwa sababu waendesha mashtaka waliwaonyesha wazee wa baraza ushahidi waliokatazwa. Ya pili ikaisha Juni 2012, akaachiliwa kwa mashtaka yote. Kodi ya wananchi ikawa imekwenda hivyo.

Mtasema, mwalimu, hayo ni yao huko. Yangekuwa yao tusingekutana leo. Desemba 2020 Marekani ilitia saini sheria iliyopewa jina la Grigory Rodchenkov, yule mkemia wa Urusi aliyefichua mpango wa pufya wa nchi yake. Sheria hiyo inavuka mipaka. Mashindano yakiwa ya kimataifa, yanafuata kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, yana Mmarekani hata mmoja pamoja na wanariadha wa nchi nyingine, na yana mdhamini anayefanya biashara Marekani au haki za matangazo ya huko, basi kocha, wakala au daktari anayepanga pufya anaweza kufungwa hadi miaka 10, hata kama sindano ilichomwa nje ya Marekani. Mwanariadha mwenyewe sheria hiyo haimgusi. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani ni mmoja wa Texas aliyempelekea dawa Blessing Okagbare, mkimbiaji wa Nigeria.

Mimi sina ugomvi na hilo. Mawakala wengine hapa wanastahili kukosa usingizi. Lakini someni sheria yenyewe. Mwanzoni ilikusudiwa ziwemo na ligi zao kubwa: besiboli, mpira wao wa miguu, kikapu, hoki, pamoja na michezo ya vyuo. Zikatolewa. WADA ililalamika wazi. Kwa hiyo kocha wa Kapsabet anaweza kuitwa New York kwa kosa ambalo mwenzake wa besiboli hawezi kuitiwa kwa sheria hiyo hata akilitenda mtaa wa pili kutoka mahakamani.

Na wetu? Wetu walijifunza haraka. Mwaka 2016 Bunge letu la Kenya lilizembea hadi WADA ikatishia nafasi yetu kwenye Olimpiki ya Rio, ndipo sheria ikapitishwa mbio mbio na rais akaisaini tarehe 22 Aprili. Wiki tatu baadaye WADA ikasema haiafiki kanuni zake, ikabidi irekebishwe tena Juni. Mwaka 2022 tukaponea tundu la sindano kufungiwa riadha ya kimataifa, serikali ikaahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Kila mara moto unazimwa ukifika paani. Sijaona mbunge aliyeuliza kilichomo kwenye makopo yanayouzwa kule wanakofanyia mazoezi vijana wasio na wakala wala daktari.

Kopo limefika wapi? Liko kwa kocha pale nyuma. Kocha, tafadhali ligeuze, chini kabisa, herufi ndogo. Pana maneno kwamba madai haya hayajapimwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Maneno hayo yameamriwa na sheria ya 1994. Yametoka Washington hadi hapa bila samansi. Mwenye miwani amsaidie kocha kusoma orodha ya vilivyomo, kwa sauti, halafu nitajibu maswali.